Stendi ya kunawia mikono ya kukanyaga uwanjani: uzoefu wangu Mombasa

Stendi hizi za chuma zilienea mwaka 2020 wakati wa korona, na nyingi sasa zimeachwa zishike kutu. Inasikitisha, maana kipindupindu na homa ya matumbo bado hupitia mikono ile ile inayoshika viazi karai langoni mwa uwanja. Ninayoitumia kwenye mechi za mtaani imeundwa na fundi wa jua kali: tangi la lita 100, vikanyagio viwili, kimoja cha maji na kimoja cha sabuni. Naipendekeza kwa dhati.

Uzuri wake mkubwa uko mwisho wa kunawa. Mfereji wa kawaida hufunguliwa kwa mkono mchafu, kisha mkono huo ukishakuwa safi unarudi kuushika kuufunga. Hapa unaondoa mguu tu. Mtu akiachia kikanyagio anapojisugua sabuni, hutumia kama nusu lita, kwa hiyo tangi linatosha watu 200 hivi.

Lakini piga hesabu ya foleni. Mapumziko ni dakika 15. Kila mtu akichukua sekunde 30, mfereji mmoja unahudumia watu 30 pekee. Ukiwa na mashabiki 300, moja haifai kitu. Itisha yenye mifereji miwili au mitatu, na uiweke kati ya vyoo na wauza chakula, si karibu na meza ya wageni rasmi ambako haimsaidii mtu.

Adui wa pili ni hewa ya bahari. Springi na waya huharibika kabla ya fremu. Mwambie fundi atumie waya wa breki ya baiskeli wenye ganda la plastiki, na springi aifunge kwa bolti badala ya kuichomelea, ili ibadilishwe kwa spana. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, sabuni ya kipande haitoi povu vizuri. Tumia ya maji. Mechi ikiisha, pitisha maji matupu kwenye njia ya sabuni, la sivyo inaganda na kuziba.

Maji machafu yasimwagike chini ya miguu: ndoo ya lita 20 hujaa upesi, afadhali paipu hadi shimo la kokoto. Na tangi lisilotumika wiki nzima limwagwe, lisuguliwe na kufunikwa. Dengue imeshazuka Mombasa zaidi ya mara moja, na mbu wake hutaga kwenye maji yaliyosimama vyomboni.

Sanitaiza haichukui nafasi ya kunawa. Mkono wa kipa wenye matope unahitaji sabuni. Kwa mabenchi na vitasa vya vyoo, osha kwanza kwa sabuni, halafu paka klorini: dawa ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, uiache dakika 10. Ichanganywe siku hiyo hiyo, iwekwe kivulini, na isitumike kunawia mikono.