Rimoti ya gari imekufa Tanga: anza kununua nini?

Gari la Japani mara nyingi hushuka na ufunguo mmoja tu, tena uliokwisha kukaa miaka kumi na zaidi kwenye mifuko ya watu wengine. Likifika Tanga, unyevu na chumvi ya bahari vinamalizia. Siku moja unatoka sokoni Ngamiani na mafurushi mikononi, unabonyeza, kimya. Pembeni tayari yupo mtu wa kukwambia, "Hiyo rimoti ishakufa dada, nunua mpya." Usinunue kwanza.

Ufunguo mmoja una kazi tatu, na kila kazi ina bei yake. Chuma kinageuza swichi ya kuwashia gari. Rimoti inafungua milango, na hiyo ndiyo pekee inayokula betri. Kisha kuna chipu, kidude kidogo kilichojificha kichwani mwa ufunguo, kinacholiambia gari kwamba mwenyewe ndiye aliyekuja. Chipu haina betri; inaamshwa na koili iliyozunguka swichi. Kwa hiyo kama ufunguo wako ni wa kuchomeka na kuzungusha, fundi akisema gari haliwaki kwa sababu betri ya rimoti imeisha, muage kwa adabu uende kwa mwingine.

Namba moja katika orodha yangu si rimoti kabisa. Ni betri, shilingi elfu chache. Fungua ya zamani usome namba: CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, CR2016 ina upana uleule lakini unene wa 1.6, na CR1632 ni ndogo, milimita 16. Dukani watakupa 2016 mahali pa 2032 na kukwambia zote sawa. Haziko sawa, nyembamba inachezacheza, leo rimoti inashika, kesho inagoma. Ikiwa betri ni mpya na bado kimya, angalia kama vyuma vinavyogusa betri vimeota kutu ya kijani, kisha mpelekee fundi simu mwenye mkono mtulivu. Vile vibonyezo vidogo kwenye saketi ndivyo huchoka mapema, na kuvibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa anayeshika risasi ya kulehemu kila siku.

Namba mbili ni kava jipya. Raba zikitoboka au kichwa kikipasuka, unanunua kava tupu, unachongewa chuma, halafu unahamishia saketi ya zamani ndani. Hapa nina kisa. Shangazi yangu wa Makorora alibadilishiwa kava, likapendeza, milango ikafunguka, akamlipa kijana. Gari likakataa kuwaka. Chipu ilikuwa imebaki kwenye kava la zamani, na kava la zamani lilikuwa jalalani. Tulipekua maganda ya ndizi na mifupa ya samaki hadi adhuhuri, tukaipata. Tangu siku hiyo hakuna plastiki ya ufunguo inayotupwa kwetu kabla gari halijawaka.

Namba tatu ndiyo ninayompendekezea kila mtu ambaye ufunguo wake bado unafanya kazi: ufunguo wa akiba wenye chipu, bila rimoti. Chipu nyingi za Toyota za zamani, kama zile zinazoitwa 4C na 4D67, zinanakiliwa kutoka kwenye ufunguo ulionao bila hata gari kuwepo. Milango utafungua kwa mkono kama tulivyokuwa tukifanya zamani, na hujafa. Angalia pia dashibodi: pakikosekana taa ndogo yenye picha ya gari na ufunguo, huenda gari lako halina ulinzi wa chipu hata kidogo. Magari mengi madogo ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni hivyo, na chuma cha kuchonga tu kinatosha.

Ukitaka rimoti kamili, namba nne ni zile rimoti tupu za kampuni kama Keydiy au Xhorse ambazo fundi anazijaza kwa mashine yake. Uzuri wake ni kwamba anachagua masafa ya redio mwenyewe. Magari ya Japani husikiliza karibu na megahezi 315, ya Uingereza na Ulaya 433.92. Ndiyo maana rimoti nzuri iliyotoka kwenye gari la Ulaya inaweza kuingia kwenye kava lako vizuri kabisa na isifungue kitu. Zipo pia seti za kufunga na nyaya, zinakuja na rimoti mbili. Kwa gari kuukuu lenye sentro loki zinafaa, ila hazigusi mambo ya chipu, na nyaya zikiunganishwa ovyo utakuta betri ya gari imelala asubuhi.

Rimoti ya mtumba ya mtandaoni naiweka chini. Kwa ufunguo smati wa Toyota, ule unaokaa mfukoni na gari linawashwa kwa kitufe, ndiyo usiguse: ukishasajiliwa kwenye gari moja unajifunga, mpaka mtu mwenye mashine aufungue upya. Bei rahisi inaisha hapo. Ukiagiza mpya, tuma namba ya chesisi. Toyota IST ya toleo la kwanza, kwa mfano, inaanza na NCP60, NCP61 au NCP65. Jina la gari peke yake halitoshi.

Mwisho kabisa ni kupoteza funguo zote. Hapo unalipia gari kufundishwa upya, pengine kompyuta yake kufunguliwa, na kama ni smati unahesabu laki, si makumi ya maelfu. Fundi wa maana atakudai kadi ya gari na ripoti ya upotevu kutoka polisi. Asiyeuliza chochote mwogope, maana hata mwizi hatamwuliza.

Na popote utakapofanyia, hela itoke baada ya funguo zote, mpya na wa zamani, kuwasha gari mbele yako. Kuna usajili unaofuta ufunguo wa kwanza wakati wa kuingiza wa pili, na hilo ni bora uligundue ukiwa bado umesimama mlangoni kwa fundi kuliko jioni ukiwa Raskazone.