Mtambo wa kuchuja na kuzungusha rangi kwenye tangi la kuchovya: uzoefu wangu

Ninasimamia sehemu ya rangi katika kiwanda cha toroli na vitanda vya chuma hapa Dar es Salaam. Sisi rangi hatupulizi, tunachovya. Beseni la toroli linatundikwa kwenye ndoano, linashushwa kwa winchi ndani ya tangi lenye lita 2,000 za rangi ya mafuta nyekundu, linapandishwa taratibu, rangi ya ziada inatiririka juu ya bati la mteremko na kurudi tangini, kisha beseni linaingia kwenye chumba cha kukaushia. Kwa kazi ya wingi napenda sana njia hii. Kila pembe inafikiwa na rangi haipotei hewani. Adui wake ni chembe, na ndiyo sababu tulinunua mtambo ninaouelezea hapa. Umeshapitia masika na kiangazi mikononi mwetu, kwa hiyo ninachosema nimekiona.

Niseme mapema msimamo wangu. Wauzaji wengi wa mitambo hii wanazungumzia mfuko wa kuchujia: matundu madogo kiasi gani, kitambaa gani. Mimi nasema pesa yako inalipwa na mzunguko. Rangi ikizunguka vizuri, hata mfuko wa kawaida utakupa kazi safi. Isipozunguka, nunua mfuko ghali kuliko yote duniani, uchafu utabaki tangini kwa sababu haufiki kwenye mfuko.

Kabla ya mtambo tulikuwa tunachuja kwa ndoo. Jumamosi uzalishaji ukisimama, vijana wanahamishia rangi yote kwenye mapipa, wanaipitisha kwenye soksi ndefu za kike zilizofungwa mdomoni mwa pipa, wanaingia tangini na vikwangulio kutoa mashapo, halafu wanairudisha. Mvuke wa thina ndani ya tangi ni hatari kwa mtu. Kijana anatoka kichwa kinamgonga na macho mekundu, na hakuna mshahara unaofidia hali hiyo. Jumatatu mabeseni yanatoka safi. Katikati ya wiki ukipitisha kiganja unahisi vijichenga. Ijumaa rundo la kupigwa msasa na kuchovywa upya limekuwa kubwa, na kila beseni lililo kwenye rundo hilo limekula rangi mara mbili na jasho mara mbili.

Chembe hizo zinatoka sehemu nyingi, na ni vizuri kuzijua kabla hujatoa pesa. Rangi yetu ni ya alkidi, ambayo hukauka kwa kuchukua oksijeni ya hewani. Popote inapotulia na kuguswa na hewa, kwenye kingo za tangi, kwenye ndoano, kwenye bati la mteremko, inajenga ngozi. Ngozi ikikatika inarudi ndani vipande vipande. Kuna vumbi la chuma linaloletwa na mabeseni kutoka kwenye kulehemu na kusaga. Kuna nyuzi za matambara. Halafu kuna rangi yenyewe: wekundu wetu ni oksidi ya chuma, unga wenye uzito wa karibu mara 5 ya maji, unaoelea ndani ya kimiminika chepesi kuliko huo kwa mbali. Tangi likilala bila kukorogwa, unga unashuka chini kama uji uliosahaulika mezani. Juu inabaki rangi hafifu isiyofunika chuma sawasawa, na chini linajengeka tope ambalo beseni likiligusa linapanda kwa mabonge.

Sasa mtambo wenyewe. Kuna pampu ya kiwambo, yaani yenye utando unaokwenda mbele na nyuma kusukuma rangi, inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa, ya inchi moja na nusu. Kuna mitungi miwili ya chuma kisichoshika kutu, kila mmoja unabeba mfuko mmoja wa kuchujia wa saizi namba 2, yaani kipenyo cha inchi 7 na urefu wa inchi 32. Kuna valvu za kukuwezesha kufunga mtungi mmoja na kubadilisha mfuko huku mwingine unaendelea na kazi, geji mbili za shinikizo, moja kabla ya chujio na moja baada yake, na sumaku ya kunasa vumbi la chuma kabla halijafika kwenye mfuko. Nakushauri usikubali mtungi mmoja ili upunguze bei. Ukiwa na mmoja, kila unapobadilisha mfuko mzunguko unasimama, na mafundi wataanza kuahirisha kubadilisha ili winchi isisubiri.

Mabomba tuliyapanga wenyewe pamoja na fundi, na hapa ndipo ningependa usome polepole. Upande mmoja wa tangi tulishusha ukingo kidogo kuliko pande nyingine, rangi ikawa inamwagikia kwenye kisima kidogo cha pembeni. Ngozi na vumbi vinavyoelea vinavutwa huko vyenyewe. Pampu inanyonya kutoka chini ya kisima hicho, inasukuma rangi kwenye chujio, na rangi safi inarudi kupitia bomba lenye matundu lililolazwa kwenye sakafu ya tangi. Matundu yameelekezwa chini, yakitazama mbali na kisima. Kwa hiyo rangi inafagia sakafu, inapanda upande wa mwisho, inarudi juujuu hadi kwenye ukingo na kumwagika tena. Tangi zima ni mzunguko mmoja na hakuna pembe inayolala. Pampu tunaiendesha taratibu, karibu lita 100 kwa dakika, hivyo ujazo wote wa tangi unapita kwenye chujio kama mara 3 kwa saa. Kwa uwezo wake pampu hiyo ingeweza kusukuma zaidi, lakini ikienda polepole viwambo vinadumu na uso wa rangi unabaki mtulivu.

Bomba la kurudisha lazima mdomo wake uzame ndani ya rangi. Nimetembelea karakana moja ambako linamwaga kutoka juu kama mfereji wa bafuni, na povu limejaa tangini. Povu likikauka kwenye beseni linaacha vishimo vidogo, na kishimo ni mlango wa kutu.

Siku za mwanzo mifuko iliziba haraka mno na wenzangu wakaanza kunung'unika. Ni hali ya kawaida kwa tangi kongwe, maana mtambo unaamsha mashapo ya miaka. Anza na mfuko wenye matundu ya mikroni 400 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), uuache ubebe takataka kubwa, kisha shuka hadi 250, na sisi tukaishia kwenye 150. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo 150 inaonekana kubwa, lakini kwa toroli inatosha kabisa kwa sababu rangi inapita tena na tena. Kwa vitanda, vinavyotazamwa kwa karibu na mteja dukani, tunatumia 100. Chini ya hapo sioni faida kwa bidhaa zetu, mifuko inakwisha tu.

Mifuko ya wavu wa nailoni inafulika kwa thina na kurudi kazini. Ile ya kitambaa kizito kama blanketi inanasa zaidi lakini haifuliki, na ya bei ya chini huweza kuachia nyuzi zake ndani ya rangi. Kitu kimoja usikifanyie mzaha: mwulize muuzaji kama mifuko yake haina silikoni. Tuliwahi kuletewa shehena ambayo ndani yake ilikuwa na mafuta ya aina hiyo, pengine kutoka kwenye mashine ya kushonea, na mabeseni yakaanza kutoka na vidoa vya mviringo ambavyo rangi ilikuwa inavikimbia. Rangi ikishaingiwa na silikoni kuisafisha ni kazi nzito mno. Tangu hapo kila shehena mpya inajaribiwa kwanza kwenye ndoo ya rangi na kipande cha bati kabla haijakaribia tangi.

Kubadilisha mfuko tunafuata geji, hatufuati kalenda. Mfuko mpya unaonyesha tofauti ndogo sana kati ya geji ya kwanza na ya pili. Tofauti ikikaribia bar 1 tunahamia mtungi wa pili. Ukisubiri zaidi ya hapo shinikizo linaanza kusukuma vile vipande laini vya ngozi kupenya kwenye wavu, na mfuko uliopasuka unarudisha tangini kila ulichokuwa umekitoa.

Matatizo yapo. Gasketi za mifuniko zilizokuja na mtambo zilikuwa za mpira usioelewana na thina. Zilivimba, mfuniko ukawa haukai, rangi ikavuja sakafuni. Tulibadilisha kwa zenye ganda la tefloni, plastiki isiyoathiriwa na thina, na tatizo likaisha. Viwambo vya pampu navyo agiza vya tefloni tangu mwanzo. Pampu ya aina hii inasukuma kwa mapigo, na mwanzoni mapigo hayo yalifika hadi kwenye uso wa rangi na kuacha mistari ya ulalo kwenye beseni linapopanda. Chupa ya hewa ya kutuliza mapigo, ikifungwa kati ya pampu na chujio, inamaliza jambo hilo. Iwekwe kwenye oda yako. Upepo pia inaula mwingi, kwa hiyo hakikisha kompresa yako ina nguvu ya ziada, na kelele yake inahitaji kidhibiti sauti kwenye tundu la kutolea hewa.

Pamoja na hayo nisingebadilisha na pampu ya umeme. Thina yetu ni ya jamii ya waiti spiriti, ambayo mvuke wake unaweza kushika moto ikifika karibu nyuzi 40. Mchana wa Februari hapa Dar joto linapita 30, nafasi inayobaki ni ndogo. Pampu ya upepo haina mota ya kurusha cheche na haiipashi rangi moto sana. Hata hivyo kimiminika kinapopenya kwenye kitambaa chenye matundu madogo kinazalisha umeme tuli, kwa hiyo pampu, mitungi, mabomba na tangi vyote vimeunganishwa kwa waya wa shaba hadi ardhini, na fundi umeme anaukagua waya huo mara kwa mara.

Na mifuko iliyotumika, tafadhali, msiirundike kwenye pipa la taka. Rangi ya alkidi inapokauka inatoa joto. Mifuko iliyolowa ikibanwa pamoja, joto halina pa kwenda, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku bila mtu wala kiberiti. Sisi tunaitumbukiza kwenye debe la chuma lenye maji na mfuniko, halafu inakwenda kwa wanaochukua taka za kemikali. Ningetamani wauzaji wote wabandike onyo hili kwenye mtungi wenyewe, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili.

Usiku hatuzimi. Tangi linafunikwa na pampu inapunguzwa mwendo. Umeme ukikatika na kompresa ikasimama kwa muda mrefu, hatuanzi tena kwa kupitisha rangi kwenye chujio moja kwa moja. Tunafungua kwanza njia ya pembeni, rangi izunguke bila mfuko hadi mashapo yachanganyike, ndipo tunarudisha valvu. Mafundi wamezoea, na mifuko mingi imeokolewa kwa utaratibu huo.

Kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni uzito wa rangi, yaani jinsi inavyomiminika, nzito au nyepesi. Tunapima kwa kikombe cha Ford namba 4, chenye tundu chini, tukihesabu sekunde hadi rangi iishe kutoka, na tunalenga kama sekunde 25 kwa nyekundu hii. Zamani ukipima juu unapata jibu moja, ukichota chini unapata jingine, na kila fundi ana hoja yake. Sasa tangi zima linasema namba moja. Thina tunaimimina kidogo kidogo kwenye kisima, inapita kwenye pampu, na baada ya nusu saa kipimo kimetulia. Rangi inayojongea inapoteza thina kwa kasi zaidi kuliko iliyolala, hivyo tunapima asubuhi, mchana na jioni. Ni kazi iliyoongezeka, na ina thamani yake.

Mtambo hautakuondolea michirizi inayotokana na kupandisha beseni kwa pupa, wala hautashikisha rangi kwenye chuma chenye mafuta. Kuosha na kufosfeti, yaani kukipitisha chuma kwenye kemikali ya fosfeti ili rangi ishike, kabla ya kuchovya kunabaki palepale. Tangi letu dogo la rangi ya fedha, yenye vipande vya alumini, sikuliunganisha kwenye chujio laini kabisa. Mfuko ungenasa vipande hivyo na mng'ao wenyewe ungeishia huko. Hilo linazungushwa tu, na linapita kwenye wavu mpana.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, na tayari tunajenga wa pili kwa tangi la kijani. Rundo la msasa la Ijumaa limepungua hadi kijana mmoja analimaliza kabla ya chakula cha mchana, na hakuna mtu anayeingia tangini kila Jumamosi. Kwa mtambo wa pili tunaagiza mitungi kutoka kwa muuzaji anayetoa cheti cha kupimwa kwa shinikizo. Stendi na mabomba vitatengenezwa na mafundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar, ambao mkono wao ni mzuri. Mtungi wa shinikizo siwezi kuwapa, hata kama bei ni nusu, kwa sababu kijana wangu ndiye anayesimama mbele yake. Seti ya viwambo na gasketi za akiba nimeiweka kwenye oda ileile, maana vifaa hivi vikiagizwa peke yake vinachukua muda mrefu kufika.