Kruazio za kardani za Birere: ipi inafaa Land Cruiser kuukuu

Kruazio ni kiungo cha msalaba chenye vikombe vinne kwenye ncha za kardani, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukiuliza ya Land Cruiser HZJ75 kwenye maduka ya vipuri ya Birere, Goma, utawekewa mezani aina mbili: ya Toyota yenyewe, namba 04371-60070, na ya bei rahisi ndani ya boksi lisilotaja kiwanda. Kwa macho ni mapacha. Vua kikombe kimoja hapohapo, mbele ya muuzaji. Kwenye ile nzuri sindano (vyuma vyembamba vinavyozunguka ndani ya kikombe) zimejipanga bila pengo, zina grisi, na msalaba unageuka laini bila kucheza. Kwenye ile rahisi mara nyingi utakuta sindano kavu, mpira wa vumbi mgumu, na klipsi nyembamba zinazoacha kikombe kitembee ndani ya uma, sehemu inayoshika kruazio. Hiyo iache dukani, hasa kama gari linapita njia ya Sake au Rutshuru, ambako vumbi la mawe ya volkano husaga chuma kama msasa. Ya Toyota inastahili bei yake.

Lakini kabla ya kulipa, hakikisha kelele inayokusumbua inatoka kwenye kruazio. Kwa uwiano wa difu (boksi la gia kwenye ekseli), kardani huzunguka takriban mara nne kila gurudumu likizunguka mara moja. Kwa hiyo mlio wa haraka wa kwi-kwi-kwi gari likienda polepole ni kruazio iliyokauka. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa tairi utafute kwenye gurudumu au breki. Kishindo cha ngo! unapotoka gia ya kwanza kwenda rivasi kina washukiwa wawili, kruazio na difu. Zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, weka gia huru, ingia chini, shika uma wa upande huu na wa upande ule, kisha zungusha kinyume. Mchezo wowote hapo, au unga mwekundu wa kutu kando ya kikombe, kruazio imekwisha. Kardani nzima ikizunguka pamoja kabla ya kugota, tazama difu. Na mngurumo unaopanda ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia, huo ni wa difu na rulema (beringi) zake. Kruazio mpya haitaunyamazisha.

Upande wa mbele ni rahisi zaidi: weka loki za magurudumu kwenye FREE, tumia 2H (nguvu kwa magurudumu ya nyuma tu), endesha. Kardani ya mbele haizunguki tena. Sauti ikitoweka, iko mbele.

Kufunga vibaya huua hata kruazio halisi. Piga alama ya rangi kwenye flenji (sahani za boliti) na kwenye sehemu ya kuteleza, inayoiacha kardani irefuke na kujifupisha, kabla ya kufungua, urudishe kila kitu kilivyokuwa, la sivyo kardani itatetemeka. Vikombe visukumwe kwa vaisi, si kwa nyundo. Kikombe kikigoma kabla klipsi haijaingia, sindano imeanguka chini yake: kitoe, zipange upya kwa grisi. Ukilazimisha, itavunjika.

Nipeli za grisi (vichwa vya kupitishia grisi) ni sita, tatu kila kardani. Tumia grisi ya litiamu namba 2, pampu mpaka grisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kwenye sehemu ya kuteleza acha mapema, maana ikijaa inaizuia kardani kujifupisha, nayo husukuma rulema za transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Ukivuka maji, rudia siku hiyohiyo. Kikombe kimoja kikikataa kutoa grisi, njia yake imeziba, nacho ndicho kitakachoanza kulia.