Mashine ya Oksijeni ya Kuazima kutoka kwa Wanafunzi wa Uzamili, Kisumu

Mwezi Juni 2021, serikali ilipoziwekea vikwazo kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na maeneo jirani kwa sababu ya kirusi cha korona aina ya Delta, upungufu uliotuumiza zaidi katika vituo vidogo vya afya ulikuwa wa oksijeni. Mtungi ukiisha sharti usafirishwe mjini kujazwa, na mgonjwa anayehema kwa shida hawezi kungoja gari lirudi. Wakati huo ndipo wanafunzi wa uzamili wa chuo kikuu kimoja cha eneo hili walipochangisha fedha kwa M-Pesa, wakanunua mashine za kuzalisha oksijeni na kuziazima vituo bila malipo. Kituo ninachofanyia kazi ya uuguzi, upande wa Ahero, kilipata moja, na hadi leo tunaitumia, hasa kwa watoto wenye nimonia.

Mashine yenyewe huvuta hewa ya kawaida, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, huipitisha katika chembechembe za ziolaiti zinazonasa naitrojeni, kisha hutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90, hadi lita 5 kwa dakika. Hunguruma mfululizo, jambo linalowasumbua wagonjwa usiku, lakini maadamu umeme upo oksijeni haikatiki.

Ninachokisifu zaidi ni namna walivyozigawa fedha za mchango. Wafadhili wengi hutoa kifaa, hupigwa picha, wakaondoka. Chujio likiziba, kifaa huishia stoo. Hawa walitenga sehemu ya fedha kwa vipuri tangu mwanzo. Mmoja wao, aliyesomea uhandisi wa vifaa vya tiba, alikaa nasi wodini hadi kila muuguzi alipoweza kulitoa chujio la sponji, kuliosha kwa maji na sabuni na kulianika likauka kabisa kabla ya kulirudisha. Kwa vumbi la barabara yetu, bila kazi hiyo mashine isingefika mbali. Kwenye ubavu wa mashine walibandika maelezo kwa Kiswahili na Dholuo, na agizo lililo wazi kwamba mgonjwa asiyetulia kwa lita 5 apewe rufaa mara moja.

Walitupa pia vipima oksijeni vya kidole, wakatuonya tuondoe rangi ya kucha na hina kwanza. Walitueleza kwamba utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2020 ulionyesha kuwa vifaa hivyo vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu weusi, kwa hiyo tusiache kuhesabu pumzi za mgonjwa na kumtazama kifua. Onyo hilo sijalikuta kwa muuzaji yeyote.

Kasoro kubwa ni umeme. Unapopotea, na huku hupotea sana msimu wa mvua, mashine hupiga king'ora na kuzima, nasi hukimbilia mtungi wa akiba tulioununua wenyewe. Naamini mchango ujao ungeanza na betri au paneli za sola, hata kama idadi ya mashine itapungua. Kituo kinachotaka kuomba mashine kihakikishe kwanza kwamba kina mtungi uliojaa na soketi isiyotumiwa pamoja na jokofu la chanjo.