TAHADHARI: Unabadilisha taa za mbele hapa Ngamiani? Usimwachie muuzaji taa zako za zamani

Wana Tanga naombeni mnisome hadi chini, hii kitu imenikuta mwenyewe na najua kuna watu bado wanapigwa.

Nina Toyota Vitz ile ya kwanza kabisa, zile za 1999 hadi 2005. Taa za mbele zilishakuwa njano, usiku njia ya Muheza shimo unaliona ukiwa umeshaingia. Nikaenda kwa jamaa wa spea za mtumba (jina na duka sitaji), hata kufungua boneti hakufungua, kachungulia tu akaniambia bosi hizi zimekufa, reflekta (kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga) zimeungua, chukua pea hii imetoka Japani laki na nusu, ila ukiniachia hizo mbovu zako nakupa kwa laki na ishirini. Nikaona nafuu, nikamwachia.

Wiki ya tatu zikaanza kubanduka. Sio kupauka jamani, KUBANDUKA, unaweka ukucha unavuta utando kama ganda la kitunguu na chini yake plastiki ni njano kuliko hata zangu. Halafu kila gari ninalopishana nalo linanipiga fulu, lori moja pale Pongwe nusura nitoke barabarani na mimi niko dimu muda wote.

Fundi umeme akaniambia sogeza gari ukutani usiku uwashe dimu. Taa ya kulia mwanga wake unapanda kulia! Sisi tunaendesha kushoto, dimu inatakiwa ipande kushoto imulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu, huku kulia ibaki chini isimpige machoni anayekuja. Kumbe ile ni taa ya Yaris ya Ulaya ya usukani wa kushoto, ndo Vitz hiyohiyo kwa jina lingine. Na balbu alizonipa ni wati 100/90 (fulu/dimu) wakati balbu ya kawaida ya aina hiyo, H4, ni 60/55, soketi ilishaanza kuyeyuka, ningechelewa kidogo ningeunguza waya.

Sasa kilichoniuma. Juzi niko gereji akaja dada mmoja na Vitz, taa zinang'aa kweli, nikaona sikio la chini (pale taa inapofungwa kwenye bodi) la taa ya kushoto limeungwa na gundi ya kijivu. Ile gundi niliipaka mimi kwa mkono wangu mwaka jana, hadi alama ya kidole changu ipo. Ni taa yangu, ileile niliyoambiwa imekufa! Yule muuzaji kaipiga msasa, kaipulizia klia (vanishi isiyo na rangi) ya kawaida, kamuuzia mwenzangu pea kwa laki na themanini. Kwa hiyo mchezo ndo huo, anakutisha, anachukua zako nzima, anakupa za mwingine, na zako zinaenda kwa anayefuata.

Hiyo njano ni jua tu limekula ile kinga ya juu ya plastiki. Mulika ndani na tochi ya simu, kama reflekta bado inang'aa kama kioo basi taa yako ni nzima, tafuta fundi aipige msasa wa maji kuanzia namba 800, 1000, 2000, kisha polishi, na mwisho lazima klia yenye kinga ya jua maana bila hiyo inarudi njano haraka sana. Reflekta ikishakuwa nyeusi au imebanduka hapo sawa, badilisha. Na ukinunua ya mtumba inuse, yangu ilikuwa inanuka tina ya rangi na pembeni klia imechuruzika, na kwenye maungio kapaka silikoni nyeupe, gundi ya kiwandani mara nyingi huwa nyeusi na imekaa vizuri. Usimalizie hela kabla hujaijaribu ukutani usiku.

Nimemfuata muuzaji kanirudishia elfu arobaini, mengine ananizungusha.

Dada mwenye ile Vitz, nilishindwa kukwambia mbele za watu. Taa sikudai, baki nayo, ila klia hiyo itabanduka, ipeleke ipigwe upya mapema na uangalie wati za balbu zako leo hii kabla hujatembea usiku.