Uchambuzi: kava la gari linazuia nini hasa mvua ikinyesha?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo ninalo hapa kava la gari, lile la kufunika gari zima, na kwenye boksi lake wameandika kwamba linalinda injini dhidi ya mvua. Maneno hayo ndiyo tunayoyapima leo. Wengi mnaniandikia kwamba gari lililala nje, mvua ikapiga usiku kucha, asubuhi mnawasha linatetemeka na taa ya injini imewaka. Je, kava lingesaidia?

Kabla sijalifungua, tufungue boneti. Tazameni chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Hii plastiki yenye matundu inafunika mfereji. Maji yote ya kioo huingia humu, hukimbilia pembeni, kisha hutokea chini, nyuma ya tairi la mbele. Aliyetengeneza gari alijua litanyeshewa, akayapa maji njia. Balaa huanza njia hiyo ikiziba.

Namwaga maji kwenye kioo. Sikilizeni upande huu, yanadondoka chini vizuri. Upande wa pili kimya. Naingiza kidole, na hiki ndicho kinachotoka: majani yaliyooza, vijiti, vumbi lililogandamana. Mfereji ukiziba hivi, maji yanapanda mpaka yanafurika. Kuna magari ambayo maji yataingia ndani kupitia feni ya hewa, ukute zulia la abiria limelowa na hujui yametoka wapi. Mengine yamewekewa kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, humo humo karibu na mfereji, na hapo bili inakuwa kubwa. Na kama injini imekaa chini ya mfereji, matone yanaangukia moja kwa moja kwenye koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuwashia petroli.

Koili yenyewe ni hii, nimeichomoa. Sogezeni macho kwenye mpira wake: kuna alama nyeupe mahali maji yalipotuama, na springi ya ndani imeshika kutu. Plagi inakaa ndani ya shimo refu. Shimo likiingia maji, umeme wa maelfu ya volti unakimbilia kwenye chuma cha injini badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, na silinda hiyo inamisi, yaani petroli yake haiwaki. Taa ikiwa inawaka na kuzima, tafadhali usiendeshe. Petroli ambayo haijaungua inakwenda kuharibu masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na hayo ni ghali kuliko koili. Chomoa koili, puliza shimo kwa upepo wa kompresa, likauke kabisa, ndipo ufungue plagi. Ukianza na plagi, maji na mchanga vyote vinatumbukia kwenye silinda.

Haya, kava. Nimefunika gari kwa hilo kava na kulimwagia maji kwa mpira. Kwenye kitambaa yanateleza vizuri. Kwenye mishono, hapa juu ya boneti, yanapenya. Ukigusa chini yake unaona unyevu. Kwa hiyo maneno ya kwenye boksi yamezidi. Lakini kuna kazi moja linaifanya vizuri, na boksi halijaitaja: linazuia majani yasiingie kwenye mfereji. Kama unaegesha chini ya mti, kwangu hiyo peke yake inatosha kulinunua. Kitambaa chake pia kinapitisha hewa. Yale ya nailoni tupu yanafungia mvuke ndani, na vichwa vya betri na soketi za waya vinashika kutu ya kijani. Usilitandike kava injini ikiwa ya moto, wala juu ya gari lenye vumbi, kwa sababu upepo ukilitikisa linakwangua rangi.

Mafuriko ni habari nyingine kabisa. Maji yakipanda hadi mdomo wa kuvuta hewa, hakuna kava litakalokuokoa. Usipige stata hata mara moja! Pistoni inabana hewa, maji hayabaniki, na kinachopinda ni konrodi, chuma kinachoshika pistoni. Tenganisha betri, angalia kama filta ya hewa imelowa, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ita fundi afungue plagi na kuyatoa kabla injini haijazungushwa. Kwa dizeli uwe mkali zaidi, kwani inabana kwa nguvu kubwa kuliko petroli.

Na ninyi mnaotandika mfuko wa nailoni juu ya injini kisha mnafunga boneti, naomba muuondoe leo. Siku utakaposahau na kuwasha gari, mfuko huo utayeyukia kwenye ekzosi au kunaswa na mkanda. Safisheni mfereji kabla ya msimu wa mvua, na tena katikati ya msimu kama mti uko karibu.