Karakana ya ngoma Pasua, Moshi: nyota nne kati ya tano

Kama shule yenu inatafuta ngoma na mko Moshi, Himo, Rombo hata Arusha, msikimbilie zile za kwenye maduka ya watalii, nendeni Pasua kwa huyu fundi. Bango hana, ukifika Pasua muulize bodaboda yeyote mzee anayewamba ngoma yuko wapi, atakupeleka. Mimi niko kwenye kamati ya shule anayosoma mtoto wangu, shule ya msingi ya serikali, na kamati ndio ilitutuma tutafute seti, kwa sababu mtaala mpya ulioanza 2024 una somo la Sanaa na Michezo, kitabu kipo, kipindi kipo kwenye ratiba, ila kifaa cha kufundishia hakuna hata kimoja, watoto walikuwa wanapiga ndoo za maji na mwalimu anahesabu mapigo kwa mdomo.

Kwanza kazi yenyewe, maana ndio inanifanya niandike. Magogo anayochonga ni ya mringaringa, mti wa huku huku Uchagani, na hachongi gogo mbichi. Anayarundika nyuma ya kibanda yanakauka kivulini, akitaka kujua kama limeiva analigonga kwa vifundo vya vidole anatega sikio, likiwa bado analirudisha nyuma bila maneno. Hapa ndipo wengi wanapopigwa, unauziwa ngoma nzuri imechorwa twiga na mlima, kumbe mti ulikuwa mbichi, ikikaa ofisini kwa mwalimu mkuu karibu na dirisha inapasuka ufa wa juu mpaka chini na sauti inakufa. Ngozi ni ya ng'ombe, ndogo anaweka ya mbuzi, analoweka, anakwangua manyoya kwa kipande cha chupa, halafu anaiwamba ikiwa bado mbichi kwa vigingi vya mbao, anazunguka anapiga kimoja huku kimoja kule ili isivutike upande. Vigingi havilingani urefu na ukiangalia haraka utadhani kazi mbovu, lakini aisee piga katikati usikie, halafu piga pembeni, ni sauti mbili tofauti kabisa na zote safi.

Bei tulizopewa sisi: kubwa ya kusimama 180,000, ya kati 110,000, ndogo 60,000, kayamba 12,000. Tulichukua kubwa moja, za kati mbili, ndogo mbili na kayamba nne, ikaja 568,000, akashusha ikawa 530,000 na fimbo za kupigia akaweka juu yake. Marimba anatengeneza kwa oda tu na hiyo sijaiona kwa macho kwa hiyo siwezi kuisemea.

Sasa kuna benchi pale nje, na pale benchini ndio nilikutana na mjadala ambao hata kwenye kikao chetu cha wazazi ulituchukua muda mrefu kuliko bei yenyewe. Tumekaa tunasubiri fundi amalize, baba mmoja mtu wa Tarakea, kule Rombo mpakani na Kenya, akaniuliza, mama, hivi kweli shule inatoa laki tano ya ngoma wakati huko kwetu mpaka uko wazi, mahindi yanavuka usiku, mirungi inaingia, vijana wa Ethiopia wanaoelekea Afrika Kusini wanapitishwa kwenye mashamba ya watu, si bora hela zote ziende kulinda mpaka kwanza? Na hakuwa anatania. Ana vijana wawili nyumbani na anaona wenzao wanavyoitwa usiku kubeba mizigo kwenye njia za panya, asubuhi wana hela mfukoni na shule hawaendi tena. Nilimheshimu sana kwa sababu mtu anayeishi Rombo anajua anachosema, kule mashamba yanapakana na Kenya, ndugu wako pande zote mbili na huwezi kuweka askari kila mgomba.

Ila nilimwambia na narudia hapa, hizo ni hela za mifuko tofauti. Uhamiaji na Polisi wako Mambo ya Ndani, TRA wako chini ya Fedha, na shule yetu inapata ruzuku kupitia TAMISEMI ambayo tangu elimu bila malipo ianze 2016 ni 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka mzima, na sio yote inayotua kwenye akaunti ya shule kwa sababu nyingine inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Hiyo inayofika ndio chaki, ndio karatasi za mitihani, ndio bati lililoezuliwa na upepo. Kwa hiyo ukisema ngoma isinunuliwe ili mpaka ulindwe hujaongeza hata tochi moja ya askari pale mpakani Holili, umepunguza tu kitu kwa mtoto. Sisi wenyewe hatukugusa ruzuku kwa hili, tulichanga wazazi kwa hiari na kibali tuliomba, na bado kuna waliosema ni anasa.

Mimi siamini ni anasa. Nchi hii ilikuwa na wizara ya utamaduni tangu 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, wakati hata barabara zilikuwa za kuhesabu, na hao waliokuwa wanapanga hawakuwa wajinga. Halafu tuko hapa jirani na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya yenyewe ina tamasha lake la utamaduni la JAMAFEST, Kigali 2013 mpaka Dar 2019 na Bujumbura 2022, nchi zinavusha wasanii mipakani waje wacheze pamoja. Sasa hao wasanii wa kesho wanatoka wapi kama darasa la tatu anapiga ndoo? Sisemi ngoma itamzuia kijana asibebe magendo, huo utakuwa uongo. Nasema mtoto anayejua Ijumaa kuna iringi, ngoma yetu ya Kichaga, na yeye ndiye mpigaji wa kubwa, anakuja Ijumaa. Mwalimu wetu ameliona hilo na mimi nimeliona kwa mwanangu, siku hizi hahitaji kuamshwa siku hiyo. Yule baba alikaa kimya kidogo, akasema basi na shule ya kwetu ingepata hata moja, fundi akamwambia meku, yaani mzee, njoo na mwalimu wako tuongee.

Kitu kingine kilichonifurahisha, fundi ana wateja wa Taveta upande wa Kenya, shule na makanisa, na anajua utaratibu wa kuvusha mzigo kihalali. Bidhaa ikiwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na thamani yake haizidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha uasili pale mpakani, unapita bila ushuru wa forodha. Anawaelekeza wateja wake vizuri tu na anawaambia pia waulize watu wa mifugo mapema kuhusu ngozi. Yaani huyu mzee na kibanda chake cha mabati anafanya biashara ya mpakani mchana kweupe, na hiyo nayo ni usalama wa mpaka, watu wakijua njia halali ni nyepesi wataacha ya porini.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu hizi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, hana, anaandika kwenye kitabu cha duplikati, na shule ya serikali ikitumia hela ya serikali itakwama hapo, achilia mbali mambo ya NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni. Nimemwambia kwa upendo ajisajili, kwa sababu hata halmashauri ikitenga fungu la sanaa kesho asubuhi litaenda kwa mwenye makaratasi, ambaye atakuja kununua kwake kwa 180,000 na kuiuzia shule kwa laki tatu na nusu. Pili tarehe. Alituambia wiki mbili ikawa zaidi ya mwezi, ilikuwa masika na ngozi haikauki, sawa, lakini simu alikuwa hapokei na hilo linaudhi, mwalimu alishawatangazia watoto. Tatu usafiri ni wenu, tulikodi toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, na ngoma kubwa ilibidi ilazwe juu ya blanketi.

Mkienda, pelekeni mwalimu anayepiga mwenyewe, sio mwenyekiti wa kamati peke yake, apige kila moja kabla ya kulipa. Toeni nusu kwanza, nusu mzigo ukikamilika, fundi anakubali. Oda ya muhula wa kwanza ipelekeni mapema kabla shule hazijafungwa Desemba, wakati wa jua ngozi inakauka haraka. Na masika mkizitunza shuleni msiziweke chini kwenye saruji, ziwekeni juu ya benchi, ngozi ikilegea washeni moto mdogo wa makaratasi mzisogeze kwa mbali mpaka sauti irudi.